Viwimbi Tunavyowafundisha Kuvifuta

Kwenye ripoti ya mwanafunzi wa kemia wa mwaka wa pili kuna spektra ya infraredi, mstari unaoonyesha kiasi cha nuru ya infraredi kilichopita kwenye sampuli, iliyochapwa kwa wino hafifu. Sampuli ni kipande cha kaveera, mfuko uliobeba nyanya kutoka sokoni. Kati ya namba za wimbi (idadi ya mawimbi kwa sentimita) 2700 na 1900 cm⁻¹, mahali ambapo politheni haina karibu neno la kusema, mstari unashuka na kupanda polepole, kama maji ya Nalubaale, Ziwa Viktoria, asubuhi kabla ya upepo kuamka.

Mwanafunzi ameona mabonde sita. Hakuacha hata moja bila kulishughulikia.

Bonde la 2583 ameliita thioli. La 2460 ameliwekea alama ya kuuliza. La 2336 ni kaboni dioksidi, na hapo amepata nusu ya ukweli. La 2213, nitrili. La 2089, isothiosianati. La 1966, aleni. Mfuko wa nyanya umegeuka ghala la kemikali.

Pembeni, kalamu nyekundu ya mwalimu: "Si kweli. Sampuli mbaya. Rudia."

Karatasi hiyo imenisumbua kwa wiki kadhaa. Kosa la mwanafunzi ni la kawaida na linaeleweka, na silo lililonikosesha utulivu. Kilichonisumbua ni kwamba kalamu nyekundu nayo ilikosea. Sampuli ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kuliko sampuli zote za siku ile, na tulimwambia aitupe.

## Kinachotokea ndani ya utando

Mwale unapofika kwenye utando wa plastiki wenye nyuso laini, sehemu kubwa hupita moja kwa moja. Kiasi kidogo, karibu asilimia 4 kwenye kila uso, hurudishwa. Mwale uliorudishwa na uso wa nyuma husafiri hadi uso wa mbele, hugeuzwa tena, kisha hutoka upande ule ule wa wenzake, ila umechelewa. Umetembea njia ya ziada yenye urefu wa mara mbili ya unene wa utando, ukizidisha na kipeo cha mpindo wa nuru, namba inayoonyesha plastiki inavyoichelewesha nuru.

Ucheleweshaji ukiwa sawa na wimbi zima, miale inaongezeana nguvu. Ukiwa ni wimbi na nusu, inapunguziana. Mashine inapotoka namba moja ya wimbi kwenda nyingine, hali hizo mbili hupokezana, na mstari unapanda na kushuka. Hivyo ndivyo viwimbi.

Ni jambo lile lile linalotia rangi mafuta ya bodaboda juu ya dimbwi baada ya mvua.

Ukubwa wake si wa kupuuza. Kwa politheni, yenye kipeo cha karibu 1.5, hesabu inatoa upitishaji wa asilimia 100 kileleni na karibu 85 bondeni. Kwa ufyonzaji hiyo ni kama 0.07. Vilele vingi vya kweli vya ufyonzaji, ambavyo kwenye mstari wa upitishaji huonekana kama mabonde, na ambavyo tunamtaka mwanafunzi avione, ni vidogo kuliko hapo. Kwa hiyo tusimshangae anayelipa bonde jina: mbele ya macho yake kuna bonde kubwa kuliko baadhi ya yale tuliyomwambia ayatafute.

Tofauti iko kwenye nafasi. Vilele vya kemia hukaa popote molekuli inapotaka. Viwimbi hukaa kwa nafasi sawa, sawa kabisa, ukipima kwa namba ya wimbi. Chukua tena mabonde ya ripoti ile: 2583, 2460, 2336, 2213, 2089, 1966. Toa moja kwa jingine. 123, 124, 123, 124, 123.

Hakuna vikundi vya atomi vinavyojipanga hivyo. Rula tu ndiyo hujipanga hivyo.

## Mikroni 30

Hapa ndipo suala linapoacha kuwa la maabara peke yake.

Unene wa utando kwa mikroni (sehemu za elfu za milimita) ni 10,000 mara idadi ya nafasi, ukigawa kwa mbili mara kipeo mara tofauti ya namba za wimbi kati ya bonde la kwanza na la mwisho. Ripoti ile ina nafasi tano, na tofauti ya 2583 na 1966 ni 617. Elfu hamsini ukigawa kwa 2 × 1.5 × 617, yaani 1851, unapata 27.

Kaveera ile ina unene wa mikroni 27.

Sheria ya Taifa ya Mazingira ya Uganda ya 2019 inakataza mifuko ya politheni na polipropilini iliyo chini ya mikroni 30. Kila mwanafunzi anaijua sheria hiyo kwa mdomo, kama anavyojua buveera, wingi wa kaveera, kwenye mitaro ya Kampala mvua za Machi zinapoanza. Asichojua ni kwamba kwenye karatasi yake, chini ya neno "Rudia", alikuwa ameshaipima.

Kwa mikroni 30 na kipeo cha 1.5, nafasi kati ya bonde na bonde ni 111 cm⁻¹. Hiyo ndiyo namba ninayotaka iandikwe ubaoni kabla mashine haijawashwa. Nafasi ikiwa pana kuliko 111, utando ni mwembamba kuliko sheria inavyotaka. Ikiwa finyu, ni mnene. Utando mwembamba, viwimbi vipana: mwanafunzi akishaelewa kwa nini mambo yako kinyume hivyo, ameelewa nusu ya somo.

Wanafunzi wetu wanatoka Gulu, Mbarara, Goma, Mwanza. Mmoja anauita kaveera, mwingine juala, mwingine rambo. Wote wameubeba.

## Nguzo sita, nafasi tano

Kosa linalojirudia kuliko yote ni la kuhesabu. Mwanafunzi anaona mabonde sita, anaandika sita kwenye fomula. Ua wenye nguzo sita una nafasi tano kati yake, na fomula inataka nafasi.

Kwa mfuko huu kosa hilo si dogo. Ukiweka sita badala ya tano unapata mikroni 32.4. Mfuko uliokatazwa umekuwa halali kwa kosa la kuhesabu nguzo.

Kosa la pili liko kwenye 2349 cm⁻¹. Kaboni dioksidi ya hewani inafyonza pale pale, na wanafunzi kumi na wawili wakiizunguka mashine moja ya mezani wakipumua, kilele hicho kinakua kila dakika. Bonde la tatu la ripoti yetu lilikaa juu yake. Mwanafunzi aliyeona kaboni dioksidi tu angeliruka bonde, akabaki na nafasi nne, na utando ungekuwa mikroni 21.6. Dawa ni kuisikiliza rula: kama mabonde yanakuja kila 123, basi lazima kuna moja karibu na 2336 hata kama halionekani vizuri. Dawa nyingine ni kupunguza watu. Wawili mashineni, wengine mezani wakipima kwa njia nyingine, halafu mnapokezana.

Bonde lisomwe na bonde, kilele na kilele. Ukianza kileleni ukamalizia bondeni, umeongeza au kupunguza nusu nafasi, na nusu kati ya tano ni asilimia kumi.

## Maandalizi, kwa ufupi

Fungua mfuko kwa mkasi. Kaveera ina kuta mbili, na ukiupitisha mwale kwenye kuta zote mbili unapata viwimbi vya tando mbili na vya hewa iliyo katikati, vyote vimechanganyika. Tumia ukuta mmoja.

Kata karatasi ya manila, sentimita 5 kwa 7.5, ili ikae kwenye kishikizi. Toboa tundu la milimita 20. Bandika utando kwa selotepu pembeni, si tunduni, na usiuvute. Utando uliovutwa hupungua unene na molekuli zake hulala upande mmoja, na hapo hata urefu wa vilele hubadilika. Usiguse katikati, kwa sababu mafuta ya kidole huleta kilele cha esta karibu na 1740, na kuna mtu atakiripoti.

Piga msingi, yaani spektra ya kulinganishia isiyo na sampuli, kwa manila tupu yenye tundu lile lile. Mapigo 16, uwazi (uwezo wa kutenganisha vilele vilivyo karibu) wa 4 cm⁻¹, kutoka 4000 hadi 400. Inatosha.

Na hii ndiyo sababu naipenda filamu, yaani utando, kuliko kidonge cha potasiamu bromidi kwa maabara zetu. Kidonge kinataka chumvi kavu, na kwenye unyevu wa miezi ya mvua chumvi hiyo hunywa maji ukiwa bado unaisaga, kisha mwanafunzi anapata kilele kipana karibu na 3400 ambacho si cha sampuli yake. Manila na mkasi havinywi maji. (Mashine yenyewe ni jambo jingine: kioo chake cha kugawa mwale mara nyingi ni potasiamu bromidi, kwa hiyo silika jeli ibadilishwe inapogeuka rangi, na umeme usizimwe wikendi kama inawezekana.)

## Inamisha

Kama kuna dakika kumi tu za kufundisha jambo hili, zitumiwe hapa.

Piga spektra utando ukiwa umesimama wima mbele ya mwale. Kisha uzungushe kwa nyuzi 45, piga tena. Weka mistari miwili kwenye skrini moja.

Vilele vya 2916 na 2848 havijahama. Vile pacha vya 1472 na 1462 havijahama. Pacha wa 730 na 720, wanaoonyesha kwamba sehemu ya politheni imejipanga kwa fuwele, hawajahama. Viwimbi vyote vimehama.

Kwa nyuzi 45 nafasi hupanuka kwa karibu asilimia 13: utando wa mikroni 30 hutoka 111 hadi 126. Mwale ulioinama hupata ucheleweshaji mdogo zaidi, jambo ambalo wanafunzi wengi hulitabiri kinyume kwa sababu wanafikiri njia ndefu zaidi ndani ya plastiki ni ucheleweshaji mkubwa zaidi. Waacheni watabiri kwanza, waandike, ndipo wapime. Wanaokosea utabiri huo hulikumbuka somo kuliko waliopatia.

Baada ya hapo hakuna anayehitaji kuambiwa kipi ni kemia na kipi ni umbo. Kilichohama ni umbo.

## Mizani inapobisha

Namba moja isiyo na shahidi haina nguvu. Kwa bahati, mashahidi wawili wanapatikana katika maabara nyingi za kemia nchini.

Wa kwanza ni mizani. Kata mraba wa sentimita 10 kwa 10, ukuta mmoja, upime hadi sehemu ya elfu ya gramu. Politheni laini ina msongamano wa karibu 0.92, kwa hiyo mraba wa mikroni 30 una uzito wa gramu 0.276. Ule wa mikroni 27 ni 0.248. Tofauti hiyo mizani ya kawaida inaiona bila taabu.

Wa pili ni mikrometa ya skrubu. Yenye alama za sehemu ya mia ya milimita haiwezi kupima ukuta mmoja: mikroni 30 ni alama tatu tu. Pangeni kuta kumi, mpime, mgawe kwa kumi. Hewa iliyobaki kati ya kuta itaongeza unene kidogo, kwa hiyo njia hii huelekea juu.

Mashahidi hawa mara nyingi hawakubaliani, na hapo maabara inachangamka. Viwimbi vinasema 27, mizani inasema 29. Nani amekosea? Labda hakuna. Tazama 1420: kuna kilele kipana? Tazama 875: kuna kidogo, chembamba? Hiyo ni kalisi kabonati, chaki iliyochanganywa kwenye plastiki. Chaki ina msongamano wa karibu 2.7. Asilimia kumi ya uzito ikiwa chaki, msongamano wa utando mzima hupanda hadi karibu 0.985, na mizani inayodhani 0.92 huuzidisha unene kwa asilimia saba.

Saba ya 27 ni karibu 2. Ndiyo ile 29.

Kwa hiyo kemia ya spektra inaieleza mizani, na mizani inavipima viwimbi. Sijui zoezi jingine la mwaka wa pili ambalo vipimo vitatu vya bei nafuu vinabishana kwa maana namna hii.

Kuhusu uhakika: kipeo cha 1.5 ni makadirio. Politheni ngumu, ile ya mifuko inayochakarika, ina kipeo cha juu kidogo, karibu 1.54, na hapo tu kuna asilimia mbili au tatu. Mahali pa mabonde panasomwa kwa makosa ya namba tano hivi kila upande. Ukijumlisha, mikroni 29 na 31 hazitofautishwi kwa njia hii, na mwanafunzi anayeandika 29.37 amedai asichokuwa nacho. Lakini 18 ni 18. Mfuko wa mikroni 18 hauwezi kujificha nyuma ya makosa ya kipimo.

## Viwimbi vinapokosekana

Kuna buveera zisizotoa viwimbi hata ukifuata kila hatua. Hiyo nayo ni habari.

Viwimbi vinataka nyuso mbili laini zilizo sambamba. Mifuko inayochakarika mara nyingi ina uso wa ukungu, wenye mabonde madogo yasiyoonekana kwa macho, na uso huo huvunja mpangilio wa miale. Huanza kuvunja upande wa namba kubwa, kwa kuwa huko mawimbi ni mafupi na hata ukwaru mdogo ni mkubwa kwake. Mwanafunzi ataona viwimbi vikifa karibu na 3500 na vikiishi karibu na 1000. Badala ya kulalamika, aambiwe achore grafu ya ukubwa wa viwimbi dhidi ya namba ya wimbi. Amepima ukwaru.

Sababu nyingine ni unene usio sawa. Mwale wa mashine una upana wa milimita kadhaa. Ikiwa unene unabadilika kwa mikroni mbili tatu ndani ya doa hilo, viwimbi vya sehemu moja vinafuta vya sehemu nyingine. Sogeza sampuli sentimita moja, jaribu tena. Kata vipande vitano vya mfuko mmoja, mdomo hadi kitako, na utaona kwamba "unene wa mfuko" si namba moja.

Filamu ya pakiti za krispi zenye rangi ya fedha ndani haipitishi chochote. Msipoteze muda.

## Shaka

Kuna hoja dhidi ya haya yote, na ina uzito.

Saa za maabara ni chache. Mwanafunzi anayemaliza mwaka wa pili bila kumtambua kabonili (kaboni na oksijeni zilizoungana kwa viungo viwili) kwenye 1715, au bila kujua kwamba kilele chembamba cha 3026 kinasema kuna pete ya benzini, amenyimwa kitu atakachokihitaji kila siku kiwandani na kwenye utafiti. Ukimpa viwimbi wiki ya kwanza, je, humchanganyi? Si bora ajifunze herufi kwanza, kisha mwandiko?

Kwa muda mrefu hoja hiyo ilinitosha. Iliponiishia nguvu ni pale nilipoitazama upya karatasi ile ya mabonde sita. Mwanafunzi yule alizijua herufi. Nitrili kweli hukaa karibu na 2213 hadi 2260. Isothiosianati kweli huwa karibu na 2089. Alilisoma jedwali la vikundi kwa uaminifu kamili, na uaminifu huo ndio uliompeleka kwenye thioli ndani ya mfuko wa nyanya. Alichokosa ni wazo kwamba mstari mmoja unabeba habari za aina mbili, za molekuli na za kitu chenyewe kilivyo: unene wake, uso wake, hewa iliyo mbele yake. Jedwali haliwezi kumpa wazo hilo, na mazoezi zaidi ya jedwali yatamzidishia ujasiri bila kumpa kinga.

Kwa hiyo nimegeuka. Viwimbi kwanza, kwa saa tatu. Jedwali wiki ya pili.

Shaka moja haijaniondoka. Kipimo cha darasani si ushahidi wa sheria. Kipande kimoja cha mfuko mmoja hakimhukumu mama anayeuza nyanya, ambaye mfuko ameununua kama alivyonunua nyanya. Hili lisemwe waziwazi mwanzoni mwa kipindi: mifuko iletwe bila jina la duka wala la mtu, ipewe namba, na ripoti izungumze juu ya namba. Ukaguzi una watu wake, sampuli zake na taratibu zake.

## Utando wa kujitengenezea

Wiki ya tatu, darasa likishajua kusoma, litengeneze utando lenyewe. Polistirini ni rafiki mzuri: kile kipande cheupe kigumu kinachozuia televisheni isivunjike ndani ya boksi huyeyuka kwenye tolueni mbele ya macho yako, na furushi zima hunywea likawa kijiko kimoja cha uji mzito.

Tengenezeni mchanganyiko wa gramu 5 kwa mililita 100. Mnataka mikroni 20 kwenye sahani ya petri ya sentimita 9. Eneo lake ni sentimita mraba 63.6, ukizidisha na 0.0020 mnapata sentimita za ujazo 0.127, kwa msongamano wa 1.05 hiyo ni gramu 0.134, kwa hiyo mililita 2.7 za mchanganyiko. Wanafunzi wafanye hesabu hiyo wenyewe.

Sahani iwe ya glasi. Sahani za plastiki zilizopo maabara nyingi ni polistirini, na tolueni itaila sahani pamoja na sampuli.

Sahani ikae usawa, ihakikishwe kwa pima maji, ndani ya kabati la kutolea mvuke, ikifunikwa kwa karatasi ya kuchujia ili mvuke utoke polepole. Haraka huleta mapovu. Anayetumia dikloromethani kwa kuwa hukauka upesi atakutana na jambo lingine siku ya mvua: kiyeyushi kikitoroka hupoza uso, unyevu wa hewa hutua juu yake, na utando hugeuka mweupe kama maziwa. Tolueni ina subira zaidi. Kesho yake mimina maji sahanini, na utando utajibandua na kuelea.

Kabla ya kuupima, watabiri. Kipeo cha polistirini ni karibu 1.57, kwa hiyo mikroni 20 inapaswa kutoa nafasi ya 159 cm⁻¹ kati ya 2700 na 2000. Katikati ya sahani mara nyingi hutoa nafasi pana zaidi na pembeni finyu zaidi, kwa sababu mchanganyiko hukimbilia ukingoni unapokauka, kama doa la chai mezani.

Halafu tazama 729. Polistirini ina vilele vikubwa kwenye 756 na 698. Kijembe kidogo kati yao ni tolueni iliyobaki. Tolueni ina kilele kingine kwenye 694, lakini hicho kimejificha chini ya mkubwa wa 698, ambao kwa mikroni 20 tayari umegonga chini na hausomeki kwa kiasi. Rudisheni utando kwenye tanuri la nyuzi 60 kwa saa kadhaa, mpime tena, mwone 729 ikififia. Aliyetumia klorofomu hana bahati hiyo: kilele chake cha 757 kimelala juu ya 756 ya polistirini, na ni lazima aitafute 1216.

## Siku ya kuvifuta

Kuna siku viwimbi ni adui kweli. Chukua kaveera iliyokaa juu ya mabati kwa wiki kadhaa. Jua linaichoma, oksijeni inaingia kwenye minyororo, na kabonili inaanza kuota karibu na 1715. Mwanzoni ina ufyonzaji wa 0.03. Viwimbi vina 0.07. Kilele kimezama.

Kupunguza uwazi wa mashine hadi 16 cm⁻¹ hakusaidii, ingawa wengi hujaribu: kiwimbi chenye upana wa zaidi ya 100 kinapita salama. Mafuta ya parafini, ambayo vitabu hupendekeza yapakwe, nayo ni hidrokaboni. Kwenye politheni unapaka sampuli juu ya sampuli. Kuondoa kwa hesabu spektra ya kipande kilichokaa gizani kunasaidia kidogo tu, kwa kuwa vipande viwili havina unene uleule na viwimbi havifutani.

Msasa laini pande zote mbili hufanya kazi, kwa gharama ya mstari wa msingi unaoinama. Kichujio cha polaraizesheni, kinachopitisha nuru inayotikisika upande mmoja tu, utando ukiwekwa kwa nyuzi 56, ni suluhisho safi kuliko yote: hiyo ni pembe ya Brewster kwa kipeo cha 1.5, na mwale wenye polaraizesheni sambamba na bapa linalobeba mwale unaoingia na unaorudi haurudishwi hapo hata kidogo. Bila kichujio hicho, usihangaike na pembe hiyo.

Kwa maabara isiyo nacho, napendekeza kitu ambacho darasa limeshakijua. Piga spektra kwenye nyuzi 0, 10, 20, 30 na 40, kisha uchukue wastani. Kwa mikroni 27, kutoka 0 hadi 40 viwimbi karibu na 1715 huhama zaidi ya nafasi moja nzima, kwa hiyo vinafutana kwa kiasi kikubwa. Kabonili inabaki palepale ilipo.

Na anayetaka kuona viwimbi vikiwa vimekusanyika mahali pamoja, afungue interferogramu ghafi, ile ishara ambayo mashine huirekodi kabla ya kuigeuza kuwa spektra. Pembeni mwa mlipuko wa katikati kuna mlipuko mdogo. Kwa utando wetu uko mikroni 81 za njia ya mwale kutoka katikati. Kwenye mashine inayochukua nukta moja kwa kila wimbi la leza nyekundu ya mikroni 0.6328, hesabu nukta 128. Unene wa kaveera nzima umesimama pale kama kijiti.

## Almasi

Maabara nyingi zinapata kiambatisho cha ATR chenye almasi, kinachosoma uso tu wa sampuli iliyobanwa juu yake. Unabonyeza sampuli, unasoma, umemaliza. Viwimbi hakuna. Ni kifaa kizuri, na kwa kutambua plastiki isiyojulikana sitaki kurudi nyuma.

Lakini almasi inaona karibu mikroni 2 tu kwenye 1000 cm⁻¹, na kama 0.7 kwenye 2900. Mfuko wa mikroni 18 na wa mikroni 60 ni kitu kimoja mbele yake. Kishikizi cha filamu, kile cha chuma chenye pengo la manila, kisitupwe kwenye kabati la vitu vya zamani siku almasi inapofika.

Kwenye mwongozo wa zoezi la kwanza, mahali palipokuwa na sentensi "viwimbi vikionekana, tengeneza sampuli upya", sasa pamewekwa hivi: "Viwimbi vikionekana, pima nafasi kati ya bonde la kwanza na la mwisho. Hesabu nafasi, si mabonde. Inamisha utando nyuzi 45, pima tena. Andika unene kwa mikroni, pamoja na kiasi cha kosa, kando ya uzito wa mraba wa sentimita 10 kwa 10."

Na ripoti ile ya mabonde sita imerudishwa kwa mwenyewe, pamoja na rula.